Kibawa cha Mbele na Ndege Zilizoundwa Majumbani

Katika historia ya usafiri wa angani kuna neno ambalo aghalabu husemwa juu juu bila ya kuchunguzwa, nalo ni kuwa ndege ziitwazo kanardi, ambazo hubeba mbele ya rubani kile kibawa ambacho ndege nyingine hukiweka mkiani, zina mbio kwa sababu ya umbo lao hilo. Wenye kuzitazama kiwanjani, pua zao zimechongoka na rafadha zao ziko nyuma, huona kama kwamba kasi imo ndani ya umbo lenyewe. Nia yangu ni kuieleza kadhia hii kwa insafu, kwani mafundi waliozijenga kwa mikono yao katika mabanda ya nyumba zao walikuja kutambua, baada ya miaka mingi ya kazi na majaribio, kuwa kasi hutoka kwingineko.

Asili ya umbo hili ni kongwe. Ndege ya ndugu wawili akina Wright, iliyoruka karibu na Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa na usukani wake wa kupandia na kushukia mbele, na vivyo hivyo ile 14-bis ya Mbrazili Alberto Santos-Dumont iliyoruka Paris mwaka 1906. Baadaye usukani huo ukahamia nyuma na kukaa huko, na katika Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walipoijaribu XP-55 na Wajapani Shinden, haikutokea hata moja kati ya ndege hizo za kibawa cha mbele iliyofika kupigana. Waliorudisha heshima ya kibawa cha mbele ni Wasweden, kwa ndege yao ya kivita Viggen iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, na hiyo ndiyo iliyomtia shauku mhandisi kijana wa Kimarekani, Burt Rutan, aliyekuwa wakati ule akifanya kazi ya kupima ndege katika kambi ya Edwards, California.

Kilichomshughulisha Rutan kwanza kilikuwa usalama. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya bawa huachana nalo, bawa likaishiwa na uwezo wa kubeba, na ndege ikaporomoka, pengine kwa kujizungusha hadi ardhini. Na mauti ya namna hiyo yamewachukua marubani wengi wa ndege ndogo. Kibawa cha mbele kikipangwa kwa hesabu sahihi, hicho ndicho kinachoachwa na hewa kwanza, pua ikashuka taratibu, ilhali bawa kubwa la nyuma linaendelea kubeba kama lilivyokuwa. Juu ya msingi huo aliiunda VariViggen, iliyoruka mwaka 1972, kisha akahamia Mojave, katika jangwa la California, ambako mwaka 1975 iliruka VariEze, na mwaka 1979 ikafuata Long-EZ.

Ufundi wa kuzijenga unastahiki kuelezwa kwa utuo, maana humo ndimo ilimo siri kubwa. Fundi hakuhitaji kalibu wala mashine za kiwanda. Alitwaa bonge la povu gumu, akapigilia misumari katika ncha zake mbili vipande vya ubao vilivyokatwa kwa umbo la bawa na kuandikwa nambari pembezoni mwake, kisha watu wawili wakashika kila mmoja upande wake wa waya uliotiwa umeme hadi ukapata moto, wakaupitisha juu ya ubao huku mmoja akizitaja nambari kwa sauti, ili mikono yote miwili ifike pahala pamoja na povu likatwe bila ya kuumwa. Lililobaki lilivishwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi, likaachwa likauke, likapigwa msasa. Bawa lililopatikana halikuwa na kichwa cha ribiti hata kimoja wala ungio la bati, na mviringo wake ulikuwa karibu sana na ule uliochorwa. Jambo ambalo viwanda vya ndege ndogo za bati havikuliweza.

Natija yake ilionekana mara moja. Ndege ya Cessna 150, inayojulikana katika viwanja vya mafunzo duniani kote, na VariEze ya mafundi wa nyumbani zilitumia injini moja, ile O-200 ya Continental yenye nguvu za farasi 100. Cessna ilisafiri kwa kilomita zisizofika 200 kwa saa, na VariEze ikakaribia 300. Abiria wa VariEze waliketi mmoja nyuma ya mwingine, wamejinyoosha nusu ya kulala, ili kiwiliwili cha ndege kiwe chembamba; gurudumu la mbele lilikunjwa ndani, na ndege ikiegeshwa hupigishwa magoti, pua ikagusa ardhi; na ncha za mabawa ziliinuliwa wima kwa mujibu wa utafiti wa Richard Whitcomb wa NASA, ili kupunguza upotevu wa nguvu unaosababishwa na hewa inayojiviringisha hapo.

Msomaji atazame kuwa katika hayo yote kibawa cha mbele hakimo. Kwa hakika kina gharama yake. Kwa kuwa sharti kiachwe na hewa kwanza, bawa kubwa haliruhusiwi kamwe kufikia upeo wa uwezo wake, kwa hivyo hujengwa kubwa kuliko haja, na ukubwa huo huburuzwa safari nzima. Wala halitiwi vibamba vya kushushia mwendo wakati wa kutua, maana kibawa cha mbele hakingeweza kuizuia pua isiinamie chini. Fauka ya hayo, kibawa cha kwanza cha Long-EZ, ambacho umbo lake lilitoka Chuo Kikuu cha Glasgow, kiliudhiwa na mvua: matone yalivuruga utelezi wa hewa, na ndege ikashusha pua hadi rubani akalazimika kuvuta usukani. John Roncz alichora umbo jipya lisilojali maji, na mafundi wengi wakakata povu upya.

Waliotaka mwendo zaidi walikabiliwa na kanuni ngumu. Ukinzani wa hewa huzidi kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda huzidi kwa kipeo cha tatu. Mwenye kutaka kuongeza kasi kwa sehemu moja katika kumi, sharti aongeze nguvu ya injini kwa theluthi nzima, na injini hiyo itakuwa nzito zaidi na kunywa petroli zaidi. Kwa sababu hiyo wenye busara waliigeukia hewa yenyewe. Injini ilikuwa nyuma, nayo ilipoozwa kwa hewa iliyoingia katika tundu lililochimbwa tumboni, mahali ambapo hewa imekwisha kuburuzwa na ngozi ya ndege tangu puani na haina nguvu ya kuingia. Wengine walihamisha matundu pembeni, chini ya mabawa. Wakaziba kila upenyo uliovujisha hewa kati ya silinda. Wakayavika magurudumu vifuniko vya umbo la tone. Klaus Savier wa Santa Paula, California, alishughulika na VariEze yake kwa miaka mingi namna hiyo, pamoja na kuirekebisha injini na mfumo wake wa kuwashia, hata akapita kilomita 370 kwa saa kwa O-200 ile ile.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa ndege isiyo kanardi. Mike Arnold, naye fundi wa California, aliijenga AR-5 yenye mkia nyuma na injini ya farasi 65 tu, akasafisha kila pahala bawa linapokutana na kiwiliwili, na mwaka 1992 akaweka rekodi ya kilomita 343 kwa saa katika daraja la ndege za uzito wake.

Wala simpunguzii Rutan daraja yake. Voyager, ndege yake ya kibawa cha mbele, iliondoka Edwards tarehe 14 Desemba 1986 ikiwa na marubani wawili, Dick Rutan, kaka yake Burt, na Jeana Yeager. Ilikuwa imelemewa na mafuta hata ncha za mabawa zikaikwaruza njia na zile zilizoinuliwa wima zikaharibika na kupotea, lakini ikalivuka bara letu la Afrika toka mashariki hadi Atlantiki, na ikarejea baada ya siku tisa, imeizunguka dunia pasipo kutiwa mafuta njiani. Lakini Burt alipojiundia ndege ya safari zake mwenyewe, Boomerang iliyoruka mwaka 1996, aliweka viwiliwili viwili visivyolingana, injini moja mbele ya kila kimoja, bawa lake kubwa mahali palipozoeleka, na mkia akaurudisha nyuma.