Wito Mbele ya Ndugu

Walukuba, kwenye kota za wafanyakazi wa Jinja, hakuna aliyekuwa na wito wa peke yake. Kijana wa kiwandani akisema Bwana amemwita awe mchungaji, au binti akisema amepata mchumba, jambo lililetwa mbele ya ndugu siku ya ushirika, nao walilipindua kama mwanamke anavyopindua samaki pale Masese kabla hajatoa pesa yake. Nimesoma vitabu vya siku hizi juu ya kusindikizana kiroho. Ni vizuri, ila vingi vinasifu ukimya na chumba cha watu wawili. Sisi tulijaa sebule ndogo ya kota, mtoto analia, jirani kafungulia redio.

Baba yangu, Msamia wa Bukedi, alikuja Jinja kwa kazi za bwawa la Owen Falls. Lilipofunguliwa mwaka 1954 akahamia kiwanda cha nguo cha Nyanza. Pale kotani waliishi Wasamia, Wajaluo, Wasoga, Wagisu na Waacholi, na ndiyo maana ushirika wetu ulikwenda kwa Kiswahili. Wimbo wa Tukutendereza peke yake uliimbwa kwa Kiganda, hata na wale wasiojua neno jingine la Kiganda zaidi ya hilo. Saa za kukutana zilifuata shifti. Waliotoka zamu ya usiku walikaa karibu na mlango ili wakisinzia wapigwe na upepo.

Desturi yenyewe tuliipokea kutoka mbali. Septemba 1929, kilimani Namirembe, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, wakaketi kusoma Biblia na kuomba pamoja. Mweusi na mweupe, katika nchi ya kikoloni, kila mmoja akimweleza mwenzake upungufu wake. Uamsho uliowaka Gahini miaka iliyofuata, kisha ukaingia Kigezi, Buganda na hata Kenya na Tanganyika, ulibeba tabia hiyo: kutembea nuruni, kutubu kwa sauti, na kuruhusu mpishi amuulize kasisi habari za moyo wake. Wakubwa wa kanisa waliweza kuvumilia nyimbo. Maswali ya mpishi ndiyo yaliyowashinda.

Mwaka 1941 mambo yakapasuka Mukono, katika chuo cha Askofu Tucker. Wanafunzi waliookoka, walioitwa walokole, walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba, na walihubiri hata walipokatazwa. Wakafukuzwa 26, William Nagenda akiwa mmoja wao. Nagenda hakuwekewa mikono ya upadri kamwe, ila alizunguka Afrika Mashariki na ng'ambo akihubiri, akafariki mwaka 1973 akiwa mwinjilisti tu. Wazee wetu walipenda kumtaja kila kijana alipodhani wito ni kola ya kasisi. Kwa upande wangu huwa najiuliza jambo ambalo wao hawakuliuliza: kanisa likisema hapana na ndugu wakisema ndiyo, mtu amsikilize nani? Nagenda aliwasikiliza ndugu, lakini hakulihama kanisa. Naona hilo lilikuwa gumu kuliko kuhama.

Miaka 8 baada ya Mukono, chuo kingine kilimfungulia mlango mlokole wa namna ileile. Chuo hicho kilikuwa Buwalasi, chini ya Mlima Elgon, upande wa Sironko, ukitoka Mbale. Hapo dayosisi ya Upper Nile iliwafunza wahudumu wake wa mashariki na kaskazini. Janani Luwum, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922, aliokoka tarehe 6 Januari 1948, na mwaka uliofuata akawa Buwalasi, Mwacholi katikati ya migomba ya Wagisu. Watu wakisimulia habari zake hurukia mwaka 1974 alipokuwa askofu mkuu, kisha Februari 1977 alipouawa chini ya Idi Amin. Mimi hukaa zaidi kwenye miaka ile ya kati. Alitoka Buwalasi akiwa msomaji wa kanisa, akarudishwa kwao kufanya kazi, akaitwa tena kusoma. Ushemasi aliupata mwaka 1955, upadri 1956. Moto ulimwakia kwa siku moja, na kanisa likakaa nao miaka 8 likiutazama kama utazimika. Baadaye alirudi Buwalasi kufundisha, akawa mkuu wa chuo, na kazi ya kuwatazama vijana wengine ikawa yake.

Jambo langu mwenyewe lililetwa mbele ya ndugu muda mfupi baada ya wafanyakazi wa Kenya kufukuzwa nchini mwaka 1970, ushirika ukiwa umepungukiwa na wazee wake wa Kijaluo. Nilikuwa na barua ya kazi ya ualimu Mbale na mchumba dereva wa lori la pamba, mlokole safi, aliyetaka tuoane kabla ya Krismasi. Nilisimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza yote mawili. Bibi mmoja wa Kisoga, aliyekuwa akichambua maharage mapajani, hakuinua uso.

"Binti yetu, unadaiwa na nani?"

"Fundi cherehani, Jaja. Shilingi kumi na mbili."

"Na nani hamsalimiani?"

Nikanyamaza. Dada yangu alikuwa amekaa nyuma yangu, na tangu Pasaka tulikuwa tukipitana kama wageni.

"Nenda ukayamalize hayo, kisha uje utuambie Bwana amesema nini."

Niliyamaliza. La dada lilinichukua muda mrefu kuliko la fundi. Ndugu wakaona niende Mbale na ndoa ingoje mwaka. Wakamwita yule dereva, wakamwambia bila mimi kuwepo. Hakungoja. Mpaka leo nasema walikosea kunificha mazungumzo yale, ingawa darasani Mbale sikuwahi kujuta.

Wakatoliki walikuwa na njia iliyopangwa zaidi ya kumsindikiza mwenye wito. Mama Kevin Kearney, Mwairishi aliyefika Uganda mwaka 1903, alikusanya wasichana 8 Nkokonjeru mwaka 1923, na kutoka kwao likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Kwa wazazi wa wakati ule, binti asiyeolewa alikuwa mahari iliyopotea, kwa hiyo msichana alihitaji mtu wa kusimama naye kabla hata hajajua anaitwa wapi. Unovisi, kipindi cha malezi ya utawa, ulimpa mlezi, kanuni na muda. Mama Kevin huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1934 kituo cha wenye ukoma Buluba, kando ya ziwa, upande wa Busoga. Mwaka 1951 akafika hapo daktari Mpolandi, Wanda Błeńska, akakaa zaidi ya miaka 40. Hakuwa sista. Wazee wetu wa Walukuba, ambao hawakuwa wepesi wa kuwasifu Wakatoliki, walimkubali huyo.

Ulinzi wa ndugu ulikuwa na ubaya wake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakatokea Bazukufu, wafuasi wa Yona Mondo, walioona walokole wamelala. Swali la deni, ambalo yule bibi wa Kisoga aliliuliza ili kunifungua, wao walilifanya sheria: mlokole asikope kabisa. Watu waliosali pamoja miaka mingi wakaacha kupeana mikono. Mama yangu aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akawapa chai, kisha akaendelea kuchukua unga kwa mkopo dukani na kulipa mwisho wa mwezi, na kila siku ya ushirika alikuwepo.