Ruhusa ya Kufungua Kitabu

Kitabu cha karatasi hakina mlango. Mwenye kukinunua aweza kukisoma mwenyewe, aweza kumwazima rafiki, na kama macho yake hayaoni, mwanawe au jirani yake aweza kuketi kando yake akamsomea kwa sauti hadi usiku wa manane, na mtungaji asiwe na neno la kusema. Kitabu cha elektroniki ni namna nyingine. Aghalabu huja na kufuli lisiloonekana, lililotiwa na mchapishaji ili watu wasikinakili na kukigawa bure. Kusudi hilo si baya, kwani mtungaji naye anakula kwa jasho la kalamu yake. Walakini kufuli halichagui. Lile linalomzuia mwizi laweza kumzuia pia kipofu aliyekwisha lipa bei kamili, kwa kuikataza kompyuta yake isimsomee maandishi.

Habari ya makufuli hayo katika sheria ilianzia Geneva. Huko, Desemba 1996, wajumbe wa mataifa walipatana juu ya mkataba wa hakimiliki ulioitaka kila nchi mwanachama iyalinde kwa sheria. Marekani ilitunga sheria yake, na Rais Bill Clinton akaitia sahihi tarehe 28 Oktoba 1998. Sheria hiyo ilikataza mambo mawili: kulivunja kufuli, na kutengeneza au kuuza chombo cha kulivunjia. Atakayefanya hayo kwa kusudi na kwa kutafuta faida, ijapokuwa ni kosa lake la kwanza, aweza kutozwa faini hadi dola 500,000, au kufungwa hadi miaka 5, au yote mawili. Kuiba maandishi ya mtu kulikuwa kumekatazwa tangu zamani; lililokuwa jipya ni kwamba hata mwenye kununua kitabu kwa fedha yake halali aliweza kuwa mkosaji kwa kukifungua.

Wabunge wenyewe waliona hatari hiyo. Kwa hiyo waliliahirisha katazo la kwanza kwa miaka 2, wakaagiza kwamba kila baada ya miaka 3 watu walioumizwa nalo waje waombe ruhusa. Kazi ya kuwasikiliza ilipewa Msajili wa Hakimiliki, na ya kukata shauri ikapewa Mkuu wa Maktaba ya Bunge. Si jambo la kawaida mtunza vitabu kupewa uwezo wa kulegeza sheria, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo uwezo wake ulifika kwenye katazo la kwanza tu. Lile la pili, la vyombo, hakupewa ruhusa ya kuligusa. Mwaka 2000, mara ya kwanza, alitoa ruhusa 2, wala haikuwamo hata moja iliyotajwa kwa ajili ya wasioona.

Ukali wa katazo la pili ulionekana upesi. Julai 2001 kijana wa Kirusi, Dmitry Sklyarov, alikwenda Las Vegas kuhutubia mkutano wa mafundi wa kompyuta. Kampuni yake ya Moscow, ElcomSoft, ilikuwa ikiuza programu ya kuondoa makufuli ya vitabu vya elektroniki vya Adobe. Programu hiyo iliweza kumfaa mwizi, na iliweza pia kumfaa asiyeona. Alipokuwa tayari kurudi kwao, alikamatwa na wapelelezi wa serikali akatiwa gerezani. Aliachiliwa baada ya majuma kadhaa, akarejea Urusi mwisho wa mwaka, na Desemba 2002 baraza la wazee wa mahakama huko California likaiona kampuni yake haina hatia. Lakini mafundi wengine walikuwa wamekwisha kuona mwenzao akifungwa.

Mwaka 2003 ndipo ombi la wasioona lilipokubaliwa. Waliruhusiwa kuondoa kufuli linalozuia kitabu kusomwa kwa sauti ya mashine au kugeuzwa nukta nundu. Ila ruhusa hiyo ilifungwa kwa sharti gumu: iwe kila toleo la elektroniki la kitabu hicho limefungwa. Likipatikana toleo moja tu lililo wazi, basi ruhusa haipo, japokuwa mtu ameshalinunua lile lililofungwa. Kwanza kipofu atafute matoleo yote ya duniani, ndipo asome.

Mwaka 2009 Amazon ilitoa chombo kipya cha kusomea, Kindle 2, kilichoweza kuyasoma maandishi kwa sauti. Chama cha waandishi, Authors Guild, kililalamika kwamba sauti hiyo ingedhuru biashara ya vitabu vya kusikiliza, na Amazon ikawaachia wenye vitabu waizime wakipenda. Aprili mwaka huo wasioona walikusanyika New York, mbele ya ofisi ya chama hicho, kuomba haki ya kusoma. Mwaka uliofuata Msajili, Marybeth Peters, alishauri ruhusa ya vitabu isitolewe tena, maana waombaji hawakuleta ushahidi wa kutosha. Mkuu wa Maktaba, James Billington, hakuufuata ushauri huo, akaitoa. Mimi naona hapo alitumia uwezo wake kama ulivyokusudiwa.

Mwaka 2012 lile sharti la matoleo yote liliondolewa, na mashirika yanayowahudumia wasioona yakaruhusiwa nayo kufungua vitabu kwa ajili yao, mradi mwenye kitabu alipwe bei yake. Mwaka uo huo wenye simu za mkononi walinyimwa ruhusa ya kuzifungua simu mpya ili watumie mtandao mwingine. Watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi malalamiko, na Bunge likairudisha kwa sheria mwaka 2014. Wasioona hawakuwa wengi kiasi hicho.

Msaada wao ulitoka mbali. Juni 2013 mataifa yalipatana Marrakesh, nchini Morocco, juu ya mkataba wa kuwapatia wasioona vitabu, na kifungu cha 7 kinataka makufuli yasiwazuie kufaidi haki walizopewa humo. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Marekani mwaka 2019.

Tangu 2018 utaratibu wa kuomba tena ruhusa iliyokwisha kutolewa umerahisishwa, lakini kuomba ni lazima. Katazo la vyombo lingali pale pale: asiyeona ana ruhusa ya kufungua, na fundi wa kumuuzia ufunguo hana. Ruhusa ya vitabu ilitolewa tena Oktoba 2024, na muda wake ni hadi Oktoba 2027.