Siri ya Kisima cha Gede (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA: Katika kibanda cha video cha mjomba, hapa Gede, filamu ilifika ukingoni. Kattappa, mlinzi mwaminifu, alimchoma bwana wake Baahubali upanga mgongoni. Kioo kikawa cheusi. SASA ENDELEA...

"Kwa nini amemuua?"

Kibanda kizima kililipuka. Vijana wa bodaboda walisimama juu ya mabenchi wakidai kiingilio chao. Mjomba alizima mashine bila haraka.

"Jibu ni Jumamosi ijayo. Wahindi walilingoja kuanzia Julai 2015 hadi Aprili 2017. Nyinyi wiki moja tu itawashinda?"

Walipotawanyika nilibaki nikipanga mabenchi.

"Mjomba, ni nani huyu anayejua kututesa hivi?"

"S. S. Rajamouli, mwanangu. Filamu zake ni za Kitelugu, zinatoka Hyderabad. Hadithi nyingi hutungwa na babake, Vijayendra Prasad. Mkewe, Rama, hushughulikia mavazi, na muziki ni wa binamu yake, Keeravani. Ni kazi ya ukoo mzima."

"Basi alizaliwa tajiri."

"Alianza na tamthilia za televisheni. Filamu yake ya kwanza, Student No. 1, ilitoka 2001. Mwaka 2012 akafanya jambo ambalo wengi wangelicheka: mtu anauawa, anazaliwa upya akiwa nzi, kisha anamwandama muuaji wake. Nzi atamuuaje mtu? Ukishajiuliza hivyo huwezi kuondoka kitini. Miaka 10 baadaye akatoa RRR, na wimbo wake Naatu Naatu ukatwaa Oscar mwaka 2023."

Akanitazama usoni.

"Septemba 2025 alikuja Kenya. Alipiga picha Maasai Mara, Naivasha, Samburu na Amboseli, hata Mkuu wa Mawaziri Mudavadi akampokea. Gede haikutajwa. Nani angemtajia, ikiwa sisi wenyewe hatujaisimulia?"

Maneno yale yalinikosesha usingizi. Sisi tuna mji mzima msituni! Tuna kasri, Msikiti Mkuu, Nyumba ya Mkasi, na kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. UNESCO iliutia mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na swali letu ni zito kuliko la Kattappa: kwa nini watu wa Gede waliuhama mji wao katika karne ya 17? Wako wanaosema visima vilikauka. Wako wanaosema ni vita. Msitu ukafunika kila kitu.

Kesho yake jioni niliingia magofuni na simu yangu, nimeazimia kuanza filamu yangu ya kwanza. Nilirekodi lango la kasri na mizizi iliyokumbatia kuta za matumbawe. Kima walinifuata juu ya miti. Nilipokaribia kisima cha Msikiti Mkuu, miguu ilikataa kwenda.

Bibi alikuwa ameketi pale.

Bibi yangu, ambaye tangu nizaliwe hajakubali kukanyaga magofu haya! Hata mbuzi wake akipotelea huku, humtuma mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi. Umefuata nini huku?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia unatafuta hadithi." Hakuinua macho. "Mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba hapa mwaka 1948, marehemu baba alikuwa miongoni mwa vibarua wake. Kauri, shanga, sarafu, vyote vilivyotolewa ardhini viliandikwa vitabuni. Lakini kipo kimoja ambacho baba alikirudisha usiku, peke yake. Hicho hakikuandikwa popote."

Koo lilinikauka. "Alikirudisha wapi, bibi?"

Aliweka kiganja juu ya ukingo wa kisima. "Washa simu yako. Mimi ni mtu wa kuondoka leo au kesho. Sitakwenda na siri hii kaburini."

Nilibonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Bibi akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Nyuma yangu kijiti kilivunjika.

"Mama! Tuliapa!"

Sauti ile niliijua kabla sijageuka. Alikuwa mjomba, na mkononi alishika panga.

ITAENDELEA...

Mjomba aliapa nini, na kisimani kuna nini? Msomaji, usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.