Upana wa Chumba ni Urefu wa Boriti

Nyumba za mawe za kale katika Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina vyumba virefu na vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Ardhi haikukosekana, wala mawe. Kipimo kilitoka darini: boriti za mkoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta zikabeba matumbawe, chokaa na watu wa ghorofa ya juu. Pale boriti ilipokomea, ndipo chumba kilipokomea.

Biashara ya miti hiyo ni ya kale. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti kutoka nchi ya Zanj. Hadi karne ya 20 majahazi yaliondoka na upepo wa kusi yakiwa yamesheheni mikoko ya Rufiji na Lamu kuelekea Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Wakataji waliipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lilikuwa na kazi yake. Huo ulikuwa upangaji wa madaraja ya mbao, hata kama haukuandikwa kitabuni.

Nikisema nataka kufanya shahada ya uzamivu katika ujenzi wa mbao, watu huniuliza naenda nchi gani ya Ulaya. Swali lina msingi. Mwaka 1994 Gerhard Schickhofer aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu huko Graz, Austria, kuhusu mbao zilizounganishwa kwa tabaka. Utafiti wake ulisaidia kuleta paneli za mbao zilizopishanishwa na kugundishwa, ambazo leo hujenga maghorofa. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg.

Ninachojifunza kwake si kwamba elimu ya mbao ni ya Ulaya. Ni kwamba swali dogo, kwamba tabaka za mbao hubebaje mzigo kwa pamoja, linatosha kwa tasnifu na linaweza kubadilisha ujenzi. Sisi nasi tunalo letu: boriti iliyokaa ukutani zaidi ya miaka mia imebakiwa na nguvu kiasi gani? Ncha iliyofichwa ndani ya chokaa hunyonya unyevu, ikaoza au kuliwa na mchwa, huku katikati pakionekana pazima.

Swali hili lina watu ndani yake, kwa maana nyumba hizo bado zinakaliwa. Zinapokarabatiwa, mara nyingi dari la zege huchukua nafasi ya boriti, na uzito wake huangukia kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Boriti zinazotolewa huishia kuwa kuni. Tasnifu ninayoitaka ingeanzia hapo: kuzipima kabla hazijafika jikoni.