Vitu vya nyumbani visivyofaa kubaki kimoja



Usiku mmoja wa mwezi wa Mlisho, yapata saa nane, mamangu alishikwa na pumu. Nilichukua inhela yake ya buluu, nikaitikisa na kubonyeza. Ikatoka hewa tupu. Sisi twakaa Likoni. Maduka ya dawa ya karibu yalikuwa yamefungwa, na hospitali tuliyoizoea iko ng'ambo ya kivuko. Nikakimbia kwa jirani ambaye mwanawe pia ana pumu. Alifungua kabati akanipa inhela mpya, hata boksi lake halijafunguliwa. "Mimi sikai na moja," aliniambia. Mama alivuta, pumzi ikatulia kiasi cha sisi kuweza kuvuka naye.

Tangu siku hiyo naangalia vitu vya nyumbani kwa jicho jingine. Si kila kitu ni cha kuwekewa akiba. Kinachostahili ni kile cha bei nafuu, ambacho kikikosekana kazi husimama au mtu huumia, na ambacho huisha saa ambayo duka halifunguliwi. Hii hapa orodha yangu.

Dawa za mgonjwa wa nyumbani. Inhela ya kawaida ya salbutamol huwa na mivuto 200. Kuitia majini uone kama itaelea si kipimo cha kutegemea. Andika juu yake siku ulipoianza, na ukifungua ya pili nunua nyingine siku hiyo hiyo. Iweke mbali na jiko na jua. Ukiona inaisha haraka kuliko zamani, mpeleke mgonjwa kwa daktari, kwani pumu haijatulia. Vidonge vya presha na vya sukari navyo vinunuliwe vikiwa vimebaki vya wiki moja, sio kidonge kimoja. Ama antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine, hizo si akiba. Zirudishe kwa muuza dawa.

Pakiti za ORS. Ziwe tatu au nne, hasa kwenye nyumba yenye mtoto au mzee. Mtoto anapoharisha usiku, maji humwisha mwilini kabla ya kucha. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo. Kukicha, mpeleke akaangaliwe.

Tochi, mawe na viberiti. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukaingia giza. Simu ina taa, lakini ukiitumia kumulika nyumba utakosa chaji ya kumpigia mtu wa teksi. Weka tochi na mawe ya ziada, na mawe yakae nje ya tochi, maana yakivuja huila. Viberiti vitie ndani ya chupa yenye kifuniko cha kukaza. Hewa yetu ya bahari hulainisha kiberiti mpaka kikatike kichwa bila kuwaka. Tokeni za stima pia zaweza kununuliwa mapema: andika zile tarakimu 20 kwenye karatasi uzihifadhi. Na ikiwa mashine yako ya kubonyezea namba hutumia betri, weka betri zake.

Washa ya gesi. Ule mpira mdogo wa duara unaoziba pale regyuleta inapokutana na mtungi ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ukichakaa gesi huvuja na daku haipikiki. Weka miwili mitatu. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na ukirudi kwenye jiko la makaa, lipikie nje au mlango uwe wazi. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Madumu na vifuniko vyake. Mombasa hunywa maji ya mbali: Mzima kule Tsavo, ambako bomba lake limekuwapo tangu 1957, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere milima ya Shimba. Ya Baricho yasukumwa kwa pampu za umeme, kwa hivyo stima ikipotea huko, mfereji hukauka huku. Kila nyumba ina madumu, lakini vifuniko hupotea, na dumu lililo wazi huzalisha mbu wa dengi na chikungunya, maradhi ambayo mji huu wayajua vizuri. Nunua vifuniko vya ziada. Pamoja navyo, washa mbili za mfereji.

Vidogo vidogo. Sindano na uzi mweusi, pini za mtandio, chumvi, na ufunguo wa pili wa mlango mkubwa, ulioachwa kwa mtu wa amana.

Usivyovirundika ni unga na mchele, kwani joto letu huleta wadudu. Petroli usiiweke ndani kabisa. Na kila ulichonacho, cha zamani kitumike kwanza.

Wapo watakaosema huku ni kukosa kutawakali. Kutawakali hakukatazi kufunga ngamia. Kilichokatazwa ni ihtikari, kuficha bidhaa ili bei ipande, watu wataabike. Kuweka inhela mbili si hilo. Tena Suratul Maun, ambayo wengi wetu tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo, yawalaumu wanaozuia maun, na wafasiri wengi wamesema ni vyombo vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana. Mwenye kimoja hata akitaka kutoa hushindwa. Mwenye viwili huwa na la kumpa anayebisha mlango.

Wiki ile ile nilimpelekea jirani inhela mpya. Pesa za teksi ya kwenda kuinunua zilikuwa nyingi kuliko bei yake. Yake sasa ni mbili tena, na kwetu ni mbili.