Lucas, Cole na Namba 147,573,952,589,676,412,927

Waandishi wa historia ya hisabati hawachoki kusimulia kisa cha Frank Nelson Cole. Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, alikokotoa ubaoni 2⁶⁷ − 1, kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Inasemekana hakutamka neno. Basi huhitimishwa kwamba Cole ndiye aliyebatilisha dai la Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 aliiorodhesha namba hii miongoni mwa namba tasa. Hitimisho hilo ni potofu, na upotofu wake si wa tarehe tu.

Kwamba Mersenne alikosea, hakuna anayebisha: aliingiza vipeo 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107. Lakini Édouard Lucas alikwisha kuonyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kuwa na kigawo chake hata kimoja. Watetezi wa Cole huuita huo ushahidi nusu. Nusu hiyo siioni.

Tulitazame jaribio lenyewe, katika umbo alilolinyoosha baadaye D. H. Lehmer, kwa namba ndogo: 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2,047, uchukue baki. Kisha baki hilo ulifanyie vivyo hivyo, hadi zitimie hatua tisa. Utapata 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282 na 1,736. Lau 2,047 ingekuwa tasa, baki la mwisho lingekuwa 0. Si 0, shauri limekwisha. Vigawo vyake, 23 na 89, hatukukutana navyo popote njiani, wala 1,736 haividokezi. Kwa kipeo 67 hatua ni 65, za kuchosha lakini zenye mwisho unaojulikana. Anayesaka vigawo hana faraja hiyo: hata akijua kwamba kila kigawo tasa huzidi kigawe cha 134 kwa 1, kile kidogo kinamsubiri kwenye kigawe cha 1,445,580.

Pingamizi moja lina uzito. Zao la Cole huweza kuhakikiwa na mwanafunzi wa sekondari kwa kalamu na karatasi, ilhali hesabu ya Lucas sharti irudiwe yote. Ni kweli, ila hapo tunapima wepesi wa kuhakiki, si ukweli wa kilichothibitishwa. Namba ya Fermat 2¹⁶³⁸⁴ + 1, yenye tarakimu 4,933, ilithibitishwa kuwa si tasa na Selfridge na Hurwitz katika miaka ya 1960. Kigawo chake cha kwanza kilipatikana 2010. Je, katikati ya hapo hali yake ilikuwa haijulikani?

Cole alijibu swali jingine, pengine gumu zaidi. Maswali hayo mawili yangekuwa moja, mfumo wa siri wa RSA uliobuniwa 1977 usingewezekana: namba zake tasa hutambuliwa upesi kwa majaribio yasiyotafuta vigawo, na zao lake hutangazwa hadharani kwa kutegemea kwamba kulivunja ni kazi nyingine kabisa.