Mukuyuni, 301 na 404: anwani inapohama

Wadau, naona maswali hayaishi kuhusu tovuti zinazozunguka hadi kivinjari kinakata tamaa. Leo tupitie historia kidogo, maana matatizo haya yalizaliwa miaka ya 90.

Chukua Mukuyuni, Ukambani. Jina lasema ni penye mkuyu. Mahali hapajasogea hata hatua moja, lakini anwani imebadilika: Wilaya ya Machakos, kisha Wilaya ya Makueni ilipomegwa 1992, halafu Kaunti ya Makueni tangu 2013. Seva husema jambo hilo kwa namba 301, yaani anwani imehama kabisa. 302 ni kuhama kwa muda. Zote zimo katika RFC 1945 ya Mei 1996.

Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, kilomita 36,000 angani. Ombi kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde, hata seva iwe na kasi gani. Elekeza mtu mara tatu, na yeye yuko saiba analipa kwa dakika... huo ni wizi mdogo! Mwaka 2017 KENIC ilipofungua majina yanayoishia .ke tu, waliohama kutoka .co.ke wakaurudisha mnyororo: kwanza https, kisha jina jipya, kisha www. Mpeleke mgeni mwisho wa safari kwa hatua moja.

Kuzunguka nako? RFC 2068 ya 1997 ilishauri kivinjari kisifuate zaidi ya mara 5; Chrome na Firefox za leo huvumilia 20. Mara nyingi chanzo ni proksi iliyo mbele: inapokea https, inaipa seva http, seva inaamuru https tena, bila mwisho.

Sasa ukurasa wa kosa. Katika Apache andika hivi:

ErrorDocument 404 /haipo.html

Ukiweka anwani nzima yenye http://, Apache hutuma 302, kisha ukurasa wako unafika na 200. Mgeni anasoma "haipo", lakini Google inaambiwa kila kitu ni salama. Na Internet Explorer 5 ya 1999 ilikuwa na vituko vyake: ukurasa wa 404 usiofika baiti 512 iliuficha, ikaonyesha wa kwake. Ndiyo maana kurasa za zamani zina maelezo marefu yasiyo na kazi.

Pima kwa curl -IL na anwani ambayo haipo. Jibu la mwisho liwe 404. Ukiona 200, rudi kwenye ule mstari.